Kila Mtu Aje na Anayemtegemea

Siku mume wangu alipostaafu ualimu, wenzake walimpa redio, wakamnywesha, wakamsomea hotuba. Hapa Bujumbura chupa haifunguliwi mpaka mtu asimame aseme neno, kwa hiyo hotuba zilikuwa nyingi. Walisifu sauti yake, mwandiko wake ubaoni, na suruali zake ambazo hazikuwahi kukosa pasi. Suruali zile nilizipiga pasi mimi, lakini hilo nililiacha lipite. Lililonikera ni kwamba katika maneno yote yale hakuna aliyesema tutatibiwa vipi kuanzia kesho yake.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Jicho langu la kulia lilikuwa limepata mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa linaanza kumfuata mwenzake. Nimezaa watoto wanne, wote wameshaoa na kuolewa, na sikutarajia wa tano aje akae machoni. Mimi ni fundi cherehani. Barazani kwangu, hapa Cibitoke, nimeshona sare za shule, magauni ya harusi, na kanzu za kwaya mbili ambazo hazipendani. Sasa uzi ulikuwa hauingii kwenye sindano mpaka niite mpita njia. Daktari alikuwa amesema ni jambo la operesheni fupi, niende nikajiandikishe. Nikasema nitakwenda sikukuu zikipita. Sikukuu zikapita, na mshahara wa mume wangu ukapita nazo.

Na matibabu yetu yalikuwa yanategemea ule mshahara. Alikuwa akikatwa kidogo kila mwezi kwa ajili ya bima ya watumishi wa serikali, ile ambayo sisi tunaiita mutuelle, na nyumba nzima tulitibiwa kwa kulipa sehemu ndogo tu. Nilidhani ni kitu cha kudumu, kama ndoa. Kumbe mtu akistaafu lazima aende mwenyewe aseme kwamba anataka kuendelea, akatwe kwenye pensheni, na akichelewa mlango unafungwa. Haya niliyajua nusunusu, kwa sababu mtaani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mmoja aliapa kwamba wastaafu wanatibiwa bure. Mwingine aliapa kwamba hawatibiwi kabisa. Jirani yetu, mzee aliyekuwa dereva wa serikali, alisema mwenye akili atanunua kadi ile ya matibabu inayouzwa komini, ofisi ya serikali ya eneo letu, kisha atajizuia asiugue vitu vikubwa.

Mume wangu aliyapenda sana maneno ya jirani. Watu wote humwita Mwalimu, na mimi pia.

"Wamenikata tangu niko na nywele," alisema. "Sasa wanataka kukata na hii pensheni? Apana. Mi na we tutachukua karte ya komini."

"Na jicho yangu?"

"Tutaona."

Kuna maneno mengi ya kumwambia mtu asiyeona vizuri, na katika hayo yote hili ndilo baya zaidi. Nilirudi kwa hasira kwenye cherehani yangu, nikajidunga kidole. Nilikuwa najidunga karibu kila siku wakati ule. Nilikifunika kidole kwa kitambaa ili asikione.

Basi nikabaki na maombi. Mimi ni mtu wa maombi tangu ujana, na kila mwaka huenda retreti. Hapa lazima nieleze, kwa sababu kisa chote kimesimama kwenye neno hili. Wabelgiji walituachia neno moja la Kifaransa, retraite, na sisi tukalipa kazi mbili. Mtu akiacha kazi kwa uzee, yuko kwenye retreti. Mtu akichukua mkeka, blanketi na Biblia, akaenda kujitenga na kufunga na kumlilia Mungu, naye yuko kwenye retreti. Kwa kawaida hatuchanganyi. Ukimwona mtu na blanketi unajua ni ipi.

Kwa miaka yote ya ndoa yetu Mwalimu alikataa kwenda retreti ya maombi. Si kwamba haamini. Husema Mungu anajua Cibitoke iko wapi, na hakuna haja ya kwenda kumsumbua akiwa mtaa mwingine. Pia hapendi njaa.

Asubuhi moja simu yake ililia akiwa anaoga. Nikapokea. Ilikuwa sauti ya mwanamke, na mtandao ulikuwa unakatakata.

"Mama, umwambie Mwalimu, siku ya ine, asubuhi, kule Kigobe, iko retraite. Asikose. Na kila mutu aje na ule anamutegemea."

Kisha simu ikakatika.

Nakuomba msomaji uwe wa haki. Retreti. Kigobe, ambako nilijua kuna makanisa yanayokodi kumbi. Na kila mtu aje na anayemtegemea. Mtu anamtegemea nani? Mimi ninamtegemea Mungu. Kwa hiyo kila mtu aje na Mungu wake, yaani aje na Biblia. Niliyaona ni maneno mazuri mno. Nilisimama pale sebuleni na simu mkononi, nikijiuliza ni mchungaji gani aliyebarikiwa hivi hata akatunga mwaliko wa namna ile, na ni nani aliyempa namba ya mume wangu.

Mwalimu alipotoka bafuni nilimpa habari, nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Alijifuta masikio taratibu.

"Siku ya ine saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Sawa. Nitakwenda."

Nilikaa kitini bila kupanga kukaa. "Uko mugonjwa?"

"Apana."

"Utafunga?"

"Nitafunga, Mama. We unapenda kuuliza."

Siku zilizobaki nilimchunguza kama amebadilika. Hakuwa amebadilika. Alilalamikia maharage kama kawaida.

Alhamisi, ile siku ya ine, ikafika. Mafuta ya gari yalikuwa yameadimika mjini, kwa hiyo tulikwenda kwa miguu. Cibitoke na Kigobe si mbali, ila ukiwa na njaa kila mtaa unarefuka. Mimi nilibeba mkeka na blanketi kichwani. Yeye alibeba Biblia yangu kubwa, ameizungushia gazeti, na nikajua anaogopa kukutana na wenzake wa jioni, wale wa kunywa naye kwenye kabare. Njiani aliniuliza kama maji yanavunja mfungo. Nikamwambia hayavunji. Mbele kidogo akauliza kuhusu chai, kwa sababu chai nayo ni maji.

Ukumbi ulikuwa kwenye jengo kubwa la serikali. Baadaye tuliambiwa kwamba mlangoni palikuwa na bango, herufi zake kubwa, linaloeleza kila kitu. Mimi sikuliona kwa sababu unayoijua. Yeye alisema alikuwa anaangalia ngazi nisije nikaanguka.

Ndani niliona rangi tu: mashati, vitenge, kofia. Hata hivyo nilitambua kwamba wengi walikuwa wazee, na nikamnong'oneza kwamba mwaka huu Roho amewaita wazee. Kilichonishangaza ni kuona watu wamekuja mikono mitupu. Hakuna mkeka, hakuna blanketi. Niliwahukumu kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Wao nao waliutazama mkeka wetu sana, na mimi nikaunyoosha vizuri ili waone mfano.

Mbele akasimama mwanamke mwenye sauti ya kufika hadi nyuma. "Wazee wetu, muko hapa. Mbele ya kuanza, nani atatuombea?"

Hilo halikunipa shaka yoyote. Katika mji huu hata mkutano wa kuzungumzia mfereji wa maji machafu unafunguliwa kwa sala. Wala ule ukimya uliofuata haukunishangaza. Kila mtu akatazama viatu vyake, maana anayejitolea kuomba mbele za watu baadaye hupewa kazi ya kuwa katibu.

Kisha kiti cha pembeni yangu kikalia. Mume wangu alikuwa amesimama.

Alisafisha koo kama anavyofanya akitaka darasa linyamaze.

"Mungu," akasema, "mi sijue kuomba vizuri. We unajua. Bibi yangu ndiye anajua. Mi nimekuja juu ya jicho yake. Anashona, anajichoma na sindano, kiisha ananificha kidole. Nimeona vidole vyote. Mi nilimwambia tutaona. Ni neno ya mutu mwenye hana jibu. Nimepiga hesabu, nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na hii imenishinda. Kama iko njia, ata moja, utuonyeshe. Amina."

Sikusema amina. Yule mtu aliyekuwa amehesabu vidole vyangu bila kusema, nilikuwa nimemkasirikia wiki nzima. Ukumbi wote ukaitika, "Amina!" Na yule mwanamke wa mbele, badala ya kuanzisha wimbo, akasema kwa upole:

"Amina. Papa, njia ziko mbili. Keti, nitakuonyesha zote."

Nywele zikanisimama. Nikasema moyoni, huyu ni nabii. Sijawahi kuona maombi yanajibiwa kabla mtu hajakaa.

"Njia ya kwanza," nabii akaendelea, "ni kubaki ndani ya mutuelle, wakukate kwa pensheni."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilianza kuusukuma mkeka chini ya kiti kwa mguu, polepole, nikitazama mbele kama mtu asiye na miguu. Mwalimu aliniinamia.

"Mama. Hii ni retraite gani?"

"Ya kwako," nikamwambia.

Na kana kwamba haikutosha, yule mwanamke akauliza, "Kila mutu amekuja na ule anamutegemea?" Wanaume ukumbi mzima wakainua mikono ya wake zao, na wanawake wawili watatu waliostaafu wakainua ya waume zao. Mwalimu aliitazama Biblia iliyokuwa magotini mwake ndani ya gazeti. Kisha akaufikiria ule ujumbe wa simu, nikaona anaufikiria, maana huwa anachezesha midomo.

"Ile sentensi ina vichwa mbili," akaninong'oneza. "Anayemtegemea. Ni mi nakutegemea, ao ni we unanitegemea? Haijulikane."

"Inua mukono," nikasema.

Akainua wangu.

Basi jicho langu likawa somo la siku ile. Yule mwanamke alisema kwa kuwa Papa ameshauliza swali la kwanza, ataeleza kila kitu kwa kutumia jicho la Mama, na nikaombwa kusimama ili watu wanione. Nilisimama. Nimewashonea mabibi harusi wengi, lakini sijawahi kutazamwa vile.

Jicho la Mama likienda na kadi ya komini, alisema, litaanzia kituo cha afya cha mtaani. Pale watalitazama, wataona hawana vyombo, wataliandikia barua liende hospitali ya serikali, na kule litapanga mstari na macho mengine. Ni kadi nzuri kwa malaria na kikohozi na kwa mtu asiye na njia nyingine, asije mtu akaidharau, lakini ni ya mwaka tu na haikupeleki kila mahali. Jicho la Mama likienda na mutuelle, litaingia hospitali iliyo na mkataba, na bima italipa sehemu kubwa. Ila lazima lipitie ofisini kwanza ligongewe muhuri, maana jicho lisilo na muhuri litalipiwa na mwenye jicho. Na pale hospitali tutalipa kipande chetu, kinachoitwa tike modereteri.

Hapo nikapotea. Kwetu modereteri ni yule mtu wa kuongoza sherehe, anayesema sasa ni zamu ya upande wa bibi harusi. Nikamuuliza Mwalimu kwa nini tumlipie modereteri tiketi, kwani atakuwepo kwenye operesheni? Alicheka mpaka akalazimika kujifanya anakohoa. Yule mwanamke alinisikia, akaeleza kwamba ni ile sehemu tu ambayo mgonjwa anatoa mwenyewe. Watu wengine wakaguna kwa kuelewa, na nikajua sikuwa peke yangu.

Jambo nililolipenda kuliko yote ni cheo changu. Mwalimu aliitwa titulaire, yaani mwenye jina kwenye kadi. Mimi niliitwa ayant droit. Nikauliza maana yake. Mwenye haki, akasema. Nikakaa wima. Miaka yote ile nilidhani mimi ni mtu aliyening'inia kwenye kadi ya mumewe, kumbe yeye ana jina tu, haki ninayo mimi. Na akifa yeye, alisema yule mwanamke, mjane anaweza kuendelea, kwa pensheni ya mjane.

"Mama, usinizike bado," Mwalimu akasema kwa sauti, na ukumbi ukacheka.

Kisha jirani yetu dereva akasimama. Sikujua kama yupo, nikamtambua kwa sauti. "Mi sijaugua ata siku moja. Mutu akikosa kuugua, wanamurudishia franga zake?"

"Apana, Papa. Zinalipa jicho ya huyu mama. Na siku magoti yako yatakataa, huyu mama atalipa magoti."

Jirani alinigeukia. Alifikiri kidogo. "Mama," akasema, "kumbe mi nimekuwa nakulipia jicho, na ulikataa kunishonea shati mbele ya Noeli!"

Nikamwahidi shati.

Mapumzikoni waligawa fanta na maandazi. Mwalimu aliishika chupa yake, akanitazama kwa adabu ambayo sijaizoea. Aliuliza, kama hii si retreti ya Mungu, je, sisi tumefunga au tumekosa tu kula? Nikaanza kumpa jibu la kiroho, kwamba Mungu huitazama nia, na nilipofika kwenye nia chupa ilikuwa nusu. Mimi nilikula andazi moja. Kisha nikala lake.

Mwishoni kila mtu aliitwa mezani kusema amechagua njia ipi. Nilimshika Mwalimu mkono kwa sababu ya macho, na pia kwa sababu ya hofu. Sala ni sala, lakini pensheni yake naijua ilivyo nyembamba, na bia yake ya jioni ilikuwa inakaa humo humo. Kama angesema komini, ningerudi Cibitoke na mkeka wangu, na cherehani ningeiuza. Nilikuwa nimeshamfikiria hata mtu wa kumuuzia.

"Papa, unabaki na siye, ao unakwenda kwa karte ya komini?"

Watu waliokuwa nyuma yetu wakasogea karibu. Wote walikuwa wameisikia sala.

"Mi nilishamwambia Mungu mbele ya hawa watu," Mwalimu akasema. "Nikibadilisha sasa, nitapita wapi nikienda nyumbani? Andika. Mi na huyu mwenye haki."

Nilimpenda sana saa ile. Nasema wazi, katika umri wangu sina wa kumwonea haya. Tulirudi nyumbani tukiwa tumebeba mkeka pamoja, kila mmoja upande wake, na Biblia ikiwa wazi bila gazeti.

Muhuri ulipatikana baada ya kwenda na kurudi, na hospitali ikanipa siku. Operesheni yenyewe ilikuwa fupi kama daktari alivyoahidi. Waliondoa mtoto wa jicho la kulia, wakasema la kushoto litasubiri. Siku waliponitoa bandeji, niliingia nyumbani nikiwa nimeshika ukuta, na ukuta ule ulikuwa mchafu. Kila kitu kilikuwa kichafu. Mashati ya Mwalimu niliyoyafua kwa fahari miaka yote ile yalikuwa ya njano. Zile kanzu za kwaya nilizoshona mwisho, ambazo walizisifu kwa ukarimu, kola zilikuwa upande. Nilizunguka nyumba yangu nikilaumu kila kitu kwa sauti, na nilikuwa na furaha isiyo na kifani.

Mwalimu alikuwa amekaa barazani akinicheka. Nikatoka nikasimama mbele yake ili nimwone na yeye. Nilijiandaa kumtania kuhusu makunyanzi, na alikuwa nayo ya kutosha. Lakini kuna kitu kingine kilichonishika. Nilimkamata kidevu, nikamgeuza uso kwenye mwanga. Katikati ya jicho lake la kushoto, pale panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa na weupe. Niliujua. Daktari alikuwa amenionyesha wangu kwenye picha.

"Hii imekuja lini?"

"Zamani kidogo."

"Mbele ya yangu kuanza?"

Alijaribu kugeuza kichwa. Sikumwachia.

"Kule Kigobe Mungu alikuwa anasikia, na ukumbi mzima ulikuwa unasikia. Kwa nini haukuomba na juu ya yako?"

"Mi nimeishastaafu," akasema. "Ubao naweza kukosa kuuona. We hauwezi kukosa kuona sindano."

Daktari alikuwa amenikataza kulia, kwa kuwa jicho lilikuwa bado bichi. Nililia kwa la kushoto, kisha nikamwambia avae viatu, twende tukatafute muhuri wa jicho lake.